Buli langu la babu na jogoo: miezi minane sasa na halijawahi kutoa chai

Mzigo ulipofika nikaupokea kwa mikono miwili kama mtu kabeba mtoto mchanga, nikafika nao mezani, halafu si mnajua tena ile hamu, nikalitikisa boksi kidoogo, nikasikia ndani tik, tik, tik. Nikaishiwa nguvu. Nikasema basi, hela imeshaliwa, kavunjika hata hatujaonana. Nilikaa na lile boksi kama robo saa naliangalia tu, maana likiwa limefungwa bado una tumaini.

Nilivyofungua nikakuta limefungashwa vizuri ajabu, nailoni ya mapovu matabaka matatu, kofia ya babu iko peke yake kwenye kiota chake cha karatasi, na babu mwenyewe yuko peke yake. Mzima. Jogoo naye mzima mpaka ncha ya mdomo. Dosari niliyoiona siku hiyo ni moja tu, ukingoni mwa kofia kuna kipande kimeruka, kadogo kama kichwa cha kiberiti, na ukilivalisha kofia dosari ikielekea nyuma haionekani. Ile tik tik ilikuwa inatoka kifuani mwa jogoo, nikachungulia na tochi ya simu nikaelewa. Kuna kipunje cha udongo kimebaki humo ndani tangu anafinyangwa, kikakauka humo, kikachomwa humo, sasa ni kikubwa kuliko tundu la mdomo wa jogoo na kikubwa kuliko vile vitundu vya kuchujia majani, hakina pa kutokea. Nikacheka peke yangu kama kichaa.

Haya sasa nimwelezee mwenyewe. Ni buli la udongo, lile umbo la sanamu, sentimita 24 kwenda juu na kofia yake, kilo moja na nusu na kitu hivi likiwa tupu. Babu mnene kakaa chini, miguu peku, kamkumbatia jogoo kwa mkono wa kulia. Shingo la jogoo limenyooshwa mbele ndo mdomo wa buli. Mkono wa kushoto wa babu kaushika kiunoni, ule mkao wa mtu anayesubiri umalize kujitetea, na huo ndo mpini wa kushikia. Kofia ni kifuniko. Tumbo la babu ndo buli lenyewe sasa. Uso wake ndo ulioninunulisha: nyusi zimechongwa unywele mmoja mmoja, jicho moja limefumbwa kidogo kuliko lingine, midomo kaibana kama mtu anayejua bei ya kitu na hataki kuitaja. Vidole vya miguu vyote kumi vina kucha. Na kidole gumba cha mguu wa kulia kimeinuka kidogo juu, yani mfinyanzi angeweza kabisa kukilaza na hakuna ambaye angejua, ila kakiinua, na kile kidole ndo kinamfanya babu aonekane anapiga wimbo kimoyomoyo.

Bei sitaji. Mke wangu naye anasoma.

Kwa nini buli na sio sanamu ya kawaida, hilo swali nimeulizwa sana, na jibu langu ni kwamba sanamu ni sanamu, unaitazama imeisha, ila buli la umbo la mtu lina ubishi ndani yake. Mfinyanzi lazima atafute mdomo utokee wapi, mpini ushikwe wapi, kifuniko kifunguke wapi, na bado mtu abaki mtu. Akishindwa unaona mara moja, unaona mtu kachomekwa bomba ubavuni. Akiweza unasahau kabisa kwamba mkono wa kiunoni ni mpini, mpaka uushike.

Na mchezo huu ni wa siku nyingi. Wachina wa Yixing wamekuwa wakifinyanga mabuli yenye umbo la kisiki cha mti, mianzi na maboga tangu enzi za wafalme wa Ming, kwa ule udongo wao wa zambarau ambao hawaupaki kitu juu. Mabuli yao yakafika Ulaya karne ya 17 na Wazungu wakaanza kuiga, Meissen kule Ujerumani kiwanda kilianza 1710 na baadaye wakatoa mabuli ya umbo la wanyama, na huko Staffordshire Uingereza katikati ya karne ya 18 walikuwa wanatoa buli la ngamia kapiga magoti, ngamia! Mtu ambaye huenda hajawahi kumwona ngamia maisha yake yote anamfinyanga na kumfanya atoe chai. Miaka ya 1930 kiwanda cha Sadler cha Uingereza wakatoa buli la gari la mashindano, dereva ndo kifuniko, na namba ya gari ni OKT42, ukiisoma kwa sauti kwa Kiingereza inakuwa "OK, tea for two", yani sawa, chai ya watu wawili, ndo utani wenyewe huo.

Ila lililoniharibu mimi ni moja la kiwanda cha Royal Worcester cha Uingereza, la mwaka 1882. Upande mmoja kijana wa kiume, ukiligeuza upande wa pili ni msichana, mkono mmoja umelegea mbele ndo mdomo, mwingine kiunoni ndo mpini, na lote ni dhihaka kwa watu wa enzi hizo waliokuwa wanajifanya wamezama kwenye uzuri wa vitu mpaka wanataka kufanana na mabuli yao. Niliona picha yake zamani nikasema ipo siku. La halisi siliwezi na sitaliweza, lakini nilipoona huyu babu kashika kiuno vilevile nikajua huyu ni wa ukoo ule, nikabonyeza kununua usiku wa manane, ule muda ambao mtu hatakiwi kabisa kushika simu.

Tuje kwenye utendaji, maana najua mtauliza. Chini lina stika imeandikwa ni la mapambo tu, si la kuwekea chakula wala kinywaji. Hili msilipuuze. Rangi za vyombo vya udongo, hasa nyekundu na njano na chungwa za kung'aa, zinaweza kuwa na madini ya risasi au kadimiamu, ambayo ni sumu, na kitu chenye uchachu au chenye moto kinayavuta. Marekani sheria yao iko wazi kabisa kwa vyombo vya mapambo vinavyotoa risasi kupita kiwango, ama kiwe na onyo la kutokutumia kwa chakula, ama kitobolewe tundu kabisa ili hata ukitaka usiweze. Kwa hiyo mi chai sijaweka. Ila maji ya bomba baridi nimeweka, kwa sababu lazima nijue kama huyu ni buli kweli au ni sanamu ya buli.

Matokeo sasa. Linaingia kama mililita 700 ukijaza mpaka shingoni, ila huwezi kufika huko. Ukishapita kama mililita 450 jogoo anaanza kutapika. Sababu ni rahisi, maji ndani ya buli na maji ndani ya mdomo wa buli yanakaa usawa mmoja, kwa hiyo ncha ya mdomo lazima iwe juu kama ukingo wa buli au iuzidi, na huyu jogoo kanyoosha shingo mbele badala ya juu, ncha ya mdomo wake iko chini ya ukingo kwa upana wa vidole viwili. Mfinyanzi alijua, nina uhakika alijua, akachagua shingo nzuri. Mi nisingemlaumu, jogoo aliyesimamisha shingo angekuwa kaziba uso wa babu.

Kumimina nako ni vituko. Maji yanatoka kwenye mdomo wa jogoo vizuri mwanzoni, ukipunguza kasi tu yanarudi nyuma, yanateleza chini ya kidevu cha jogoo, yanapita kifuani, yanamwishia babu kwenye kile kidole gumba. Kila mara. Hii tabia wanafizikia wameipa hadi jina, wanaita athari ya buli, jina alilitoa Markus Reiner mwaka 1956, na watu wazima na digrii zao wameendelea kuichunguza mpaka miaka ya karibuni. Kwa ufupi ni kwamba mkondo ukiwa wa polepole unang'ang'ania ukingo, na ukingo ukiwa mnene wa mviringo ndo kabisaa unakunjia chini, ukiwa mwembamba na mkali unakatika. Mdomo wa jogoo wangu ni mnene. Ungekuwa mkali ungekuwa umeshavunjika kwenye posta.

Kitu kimoja nilimvulia kofia mfinyanzi: kofia ya babu ina kifungo juu, na katikati ya kifungo kuna katundu kadogo ka kupitisha hewa, maana bila hako hewa haiingii na maji yanatoka kwa kwikwi. Hakuna aliyemlazimisha, ni la mapambo, ila kaweka. Na vitundu vya kuchujia ndani navyo kavitoboa, saba, vimepangwa kama ua. Nani atawahi kuviona jamani? Hapo ndo nilimpenda mtu nisiyemjua.

Sasa malalamiko. Mwezi wa tatu tangu nimpokee nikasema nimwogeshe kidogo, vumbi lilikuwa limekaa kwenye mikunjo ya nguo, nikachukua kitambaa laini na maji ya vuguvugu, hata sabuni sikuweka, nikafuta kichwa cha jogoo. Kitambaa kikaja chekundu. Ule upanga wa jogoo wa kichwani uliokuwa mwekundu wa kupendeza ukabaki wa waridi upande mmoja, na kwenye ncha weupe unachungulia. Nilisikia uchungu jamani, we acha tu.

Maana yake ni nini, rangi ile haikuchomwa. Kawaida rangi za juu ya chombo zikishapakwa kinarudishwa tanuri mara nyingine kwa moto mdogo kidogo, nyuzi 700 mpaka 850 hivi, zinayeyuka na kushikana na ule mng'ao wa kioo, baada ya hapo hata ufute mwaka mzima hazitoki. Hii ilipakwa baridi, yani kitu kimeshatoka tanurini mtu kachukua brashi kapaka kama anavyopaka mlango. Pengine nyekundu ilimwungulia tanurini, nyekundu ina shida hiyo, ni rangi yenye hasira. Sina tatizo na kupaka baridi, mabuli mengi ya zamani ya maumbo yamepakwa hivyo hivyo na ndo maana yanaonekana yamechunika. Tatizo ni kwamba kwenye maelezo ya muuzaji iliandikwa rangi zote zimechomwa. Nikamwandikia, akakaa siku nne, akajibu kwa ufupi kwamba bidhaa ni ya mapambo hivyo haioshwi. Nikamtumia picha ya kitambaa na picha ya maelezo yake mwenyewe. Kimya. Mara ya tatu ndo akanirudishia sehemu ya hela, bila neno la samahani, hela tu imeingia. Nyota moja imekufa hapo, na sio kwa sababu ya rangi, ni kwa sababu ya zile siku nne.

Kwa hiyo ukinunua la aina hii, siku ya kwanza kabisa, kabla muda wa kurudisha haujaisha, chukua kijiti cha pamba cha masikioni, kiloweshe kidogo na maji ya vuguvugu, ukigusishe kila rangi sehemu isiyoonekana. Rangi iliyochomwa haitikisiki. Mi nilisubiri miezi mitatu kama mjinga.

La pili sijui niite malalamiko au niite ugunduzi. Tangazo lilisema limefinyangwa kwa mkono. Nikiwa natafuta kile kipunje na tochi nikaona chini ya koo la jogoo kuna kamstari kembamba kanashuka moja kwa moja mpaka kifuani. Huo ni mshono wa kalibu. Jogoo hakufinyangwa, alimiminwa, yani wanachukua uji wa udongo wanaumwaga kwenye kalibu ya plasta, plasta inakunywa maji, ukuta wa udongo unajijenga pembeni, halafu uji uliobaki unamwagwa nje na unabaki na jogoo mwenye uwazi ndani. Ni ufundi halali, viwanda vikubwa vingi vinafanya, ila maana yake kuna majogoo wengine duniani wanaofanana na wangu unyoya kwa unyoya. Babu sasa, babu ni tofauti. Ukiingiza mkono ndani ya tumbo lake ukuta hauko sawa, una mabonde, na upande wa mgongoni kuna alama ya dole gumba imezama kabisa, unaweza kuhisi hadi mistari. Nikaweka dole langu. Halikuingia lote, pengine mwenye dole ana mkono mdogo kuliko wangu, au alama ilisinyaa pamoja na udongo. Tangu siku hiyo kila nikimtoa kabatini nampa mkono yule mfinyanzi kwa ndani, mke wangu anasema nimeanza kupotea.

Kwa hiyo babu kafinyangwa, jogoo kamiminwa, wakaunganishwa. Kuunganisha ndo kazi ngumu kuliko watu wanavyodhani, udongo unasinyaa ukikauka na ukichomwa, kwa udongo huu mgumu wa kuchomwa nyuzi 1200 na zaidi ni kama asilimia 10 mpaka 13, kwa hiyo babu wangu akiwa mbichi alikuwa na sentimita 27 hivi. Sasa sehemu moja ikiwa mbichi zaidi ya mwenzake, au nene zaidi, hii inavuta huku ile inavuta kule, ufa unatokea kwenye kiungo. Ndo maana nikitazama buli la sanamu naanzia kwapani. Sio utani, angalia kwapa, angalia mpini unapoingia kwenye bega, angalia shingo inapotoka. Wangu kwapani kuna kaufa kembamba kama unywele, kamefunikwa na mng'ao kwa juu kwa hiyo kalikuwepo kabla ya moto wa mwisho, hakajaongezeka miezi yote hii, nimekapigia alama ya penseli kwenye daftari kalipoishia. Kwa sababu ya hako kaufa mi simshiki kwa mpini hata siku moja. Unatoa kofia kwanza unaiweka pembeni, halafu mikono miwili, mmoja chini ya makalio mmoja mgongoni. Mpini ni wa kutazama.

Makao yake ni kabati la vioo, rafu ya katikati, usawa wa macho ya mtu aliyekaa, sababu ukimweka juu unaona kidevu tu. Chini nimemshika na ulimbo laini wa kubandikia sanamu, vidonge vinne, maana shingo la jogoo limetokeza mbele sentimita tisa na mlango wa kabati ukifungwa kwa nguvu rafu inatikisika. Vumbi namtolea na brashi laini ya vipodozi, ya mke wangu, kabla hajajua. Maji hayamgusi tena.

Mke wangu wiki ya kwanza alikuwa ananiuliza, "Huyu babu ataniangalia mpaka lini?" na kweli lile jicho lililofumbwa nusu linakufuata, ikabidi nimgeuze kidogo aangalie dirishani. Sasa hivi akisafisha anamgeuza arudi kutuangalia, mi nanyamaza.

Ila aliyenimaliza ni mama mkwe. Alikuja kututembelea, shikamoo mama, marahaba baba hamjambo, akakaa, akamwona, akanyamaza muda mreefu. Halafu akauliza, "Baba, huyu anatia chai au anatazamwa tu?" Nikamwambia anatazamwa tu mama, ana rangi ambazo si salama. Akaitikia kwa kichwa taratibu. Baadaye jioni nikamkuta kasimama mbele ya kabati peke yake, kashika kiuno mkono wa kushoto, hata yeye sidhani kama alijijua. Nikarudi nyuma taratibu.

Nyota nne. Kama unatafuta buli la kunywea chai usinunue hili wala ndugu zake, nunua lile jeupe la kawaida lenye mdomo mkali, halitakuangusha. Kama unataka kitu cha kukusanya, nunua, ila muulize muuzaji vitu vitatu kwa maandishi: rangi zote zimechomwa au kuna zilizopakwa baridi, kipi kimefinyangwa na kipi kimemiminwa, na akutumie picha ya kwapa. Akikucheka achana naye. Na usimsumbue kwa kile kinachogonga ndani kama changu kinavyogonga, mi niliwahi kumwandikia kwamba kuna kitu kinalia kifuani mwa jogoo, akasema naweza kumrudisha anitumie mwingine. Nilikataa. Jioni nikimaliza kupiga brashi huwa namtikisa mara moja tu, tik, halafu namrudisha kabatini.